Watoto wa Bute wanataka mtu wa kukaa, si wa kupita

Vyuo vya Marekani vikishafunga kwa likizo, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta huanza kupokea misafara ya aina moja. Vijana kumi, kumi na watano, fulana za rangi moja zenye aya ya Biblia mgongoni, mizigo imejaa midoli, kalamu za rangi na vyuma vya miguu vya watoto. Wengi wao ni wanafunzi wa tiba: wa viungo, wa usemi, au ile tiba kazi inayomfundisha mtoto kushika kijiko na kujivalisha shati. Kanisa au chuo cha Kikristo kimewatuma wahudumie watoto wenye ulemavu wiki mbili, halafu warudi darasani. Nenda sasa Eastleigh alfajiri, basi la Wajir linaposhusha abiria. Hakosekani mama aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka sita au saba, shingo imelegea, miguu inaning'inia hadi kwenye magoti ya mama. Yeye naye amefuata tiba. Misafara hii miwili huingia Nairobi kila mwaka, na sijaona ikikutana.

Niseme mapema ninachoamini. Wageni hao hawana dhambi, na anayewatukana hana shukrani. Ila mtoto wa Bute hatanyooshwa na msafara wowote, uwe wa kanisa, wa msikiti au wa wizara. Anahitaji mtaalamu anayelala Bute, anayeijua lugha ya mama yake, ambaye atakuwapo mwezi ujao na mwaka ujao. Mtaalamu huyo hatatoka Marekani. Atatoka Bute, Buna, Gurar au Korondile, na sisi ndio hatujamsomesha.

Mahali pasipofikiwa na misafara

Kwa asiyepajua, Bute ndiyo mji wa Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia. Watu wake huongea Kisomali na Kiborana, wanafuga ngamia, ng'ombe na mbuzi, na bado wapo wanaosema "naenda Kenya" wanapopanda gari kwenda Nairobi. Hospitali ya kaunti ndogo ipo. Ukitaka mtaalamu wa kumfundisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kumeza uji bila kupaliwa, panda gari.

Je, misafara ya wanafunzi itafika huko? Haitafika. Serikali ya Marekani huwaonya raia wake wasikanyage Wajir, Mandera na Garissa kwa hofu ya ugaidi na utekaji nyara, na chuo chochote chenye mwanasheria hakiwezi kupuuza onyo hilo. Wala huwezi kuwalaumu. Novemba 2008 watawa wawili wa Kiitaliano, wakazi wa El Wak kwa miaka mingi, walitekwa usiku na kuvushwa Somalia, wakaachiliwa Februari 2009. Novemba 2014 watu 28 waliteremshwa basini Mandera na kuuawa kwa sababu hawakuwa Waislamu. Aprili 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakapoteza maisha. Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba walitekwa Mandera wakienda kazini. Walimu wasio wenyeji, Wakenya wenzetu kutoka Kisii na Machakos, waliomba uhamisho wakaondoka. Kama mwalimu wa Machakos ameondoka, utamngoja mwanafunzi wa Ohio?

Kwa hiyo misafara huishia kwenye lami: Nairobi, Kijabe, Kisumu, Pwani. Kijabe penyewe sipabezi. Hospitali ya AIC CURE, iliyofunguliwa mwaka 1998, ndiyo iliyowanyoosha miguu maelfu ya watoto wa nchi hii, na familia za Kiislamu kutoka kaskazini huenda huko bila kusita, maana uchungu wa mwana haujui msalaba wala mwezi mwandamo. Lakini Kijabe iko Kiambu. Kutoka Bute ni safari ya siku kadhaa kwenda na kurudi, kwa nauli ambayo huenda ikamaliza mbuzi wa nyumba nzima.

Tatizo jingine linachekesha kwa uchungu. Sensa ya mwaka 2019 ilisema asilimia 2.2 ya Wakenya wa kuanzia miaka mitano wana ulemavu. Embu ikaongoza kwa asilimia 4.4. Wajir ikawa mkiani, haikufika hata asilimia 1. Mtu asiyejua angedhani Wajir imebarikiwa. Kaunti ambayo akina mama wengi bado wanajifungulia nyumbani mbali na mkunga, ambako manjano ya mtoto mchanga na homa ya uti wa mgongo hutibiwa kwa kuchelewa, itawezaje kuwa na walemavu wachache kuliko Embu? Watoto wapo. Wako ndani ya herio, kibanda cha mfugaji, nyuma ya pazia la mkeka, na karani wa sensa aliuliza kwa haraka akajibiwa kwa haraka. Wengine husema ni aibu ya wazazi. Aibu ipo kidogo, sikatai. Ila nani atamtoa mtoto nje aonekane, ikiwa kuonekana hakumletei kitu?

Wiki mbili zinatosha nini?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika tiba ya watoto jembe ndilo kila kitu, na mgeni wetu huondoka kabla ya kulishika.

Chukua mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda ndani. Ni ulemavu unaotibika karibu kabisa, bila upasuaji mkubwa, kwa njia aliyoibuni Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa. Mtaalamu anaunyoosha mguu kidogo kwa mikono, anaufunga plasta, wiki inayofuata anaifungua, ananyoosha tena kidogo, anafunga nyingine. Plasta tano, sita, wakati mwingine zaidi. Kisha mara nyingi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo tu. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu kila anapolala hadi afikishe miaka minne hivi. Mama akivua viatu hivyo mapema kwa sababu mtoto analia na hakuna wa kumtia moyo, nyayo hurudi zilivyokuwa. Ziara ya wiki mbili hapo inatosha plasta mbili. Nani atafungua ya tatu?

Mtindio wa ubongo ndio mgumu zaidi, maana hauna siku ya kupona. Kazi ni kuzuia: misuli isikakamae, nyonga isitoke, mgongo usipinde, chakula kisiingie mapafuni. Mtaalamu humfundisha mama namna ya kumlaza mtoto, kumkalisha, kumlisha akiwa ameinua kidevu kiasi fulani na si zaidi. Mwezi wa tatu mtoto amekua na mbinu inabadilika. Mwaka wa pili inabadilika tena. Samaki mkunje angali mbichi, na ubichi wa mtoto ni miaka yake ya mwanzo, ile ile ambayo mama wa Bute huimaliza akiuliza aende wapi.

Viti vya magurudumu navyo vina kisa chao. Mgeni huleta kile kizuri chenye magurudumu madogo mbele, kilichotengenezwa kwa sakafu ya hospitali. Kipeleke kwenye mchanga wa Wajir: magurudumu ya mbele yanazama, na mwezi hauishi kitakuwa kimegeuka kabati la kuwekea nguo. Kikiwa kipana kuliko mwili wa mtoto, humpinda mgongo na kumtia vidonda vya makalio ambavyo hakuwa navyo. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kinaijua ardhi hii na kina viti vya magurudumu matatu vya njia mbovu. Tena ipo njia ya bei rahisi zaidi, iliyobuniwa Zimbabwe ikaenea hadi kwetu: kiti cha katoni. Unachukua maboksi ya tambi au ya sabuni, ambayo kila duka la Bute linayatupa, unayabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, unayakausha juani, unayakata kwa kipimo cha mtoto huyo na si mwingine, unayapaka rangi. Kiti kinakuwa kigumu kama ubao. Mtoto anakaa wima, anaona ndugu zake, na mama anapata mikono yake miwili. Anayejua kupima kiti hicho anaweza kuwafundisha akina mama kumi, lakini sharti arudi mtoto akikua, maana kiti cha mwaka huu hakimtoshi mwakani.

Sisemi wanafunzi wa kigeni hawajui haya. Wengi wanayajua kutuzidi, na kwao hawaruhusiwi kumgusa mgonjwa bila msimamizi mwenye leseni. Shida huanza wanapofika kwetu, uso mweupe ukageuka kuwa cheti. Jirani zetu Uganda walionja. Pale Jinja, Mmarekani aitwaye Renee Bach, asiye na mafunzo yoyote ya udaktari, alifungua kituo cha Kikristo cha watoto wenye utapiamlo mkali, na watoto zaidi ya 100 walifia humo kati ya 2010 na 2015. Mwaka 2019 akina mama wawili walimshtaki. Alikana makosa, na kesi ikaisha mwaka 2020 kwa makubaliano ya fidia. Moyo wa kutoa alikuwa nao, sina shaka. Moyo haupimi dozi.

Mkristo aliyekaa

Wajir lakini ina bahati ya kumbukumbu nyingine, na nashangaa vijana wa leo hawaisimulii vya kutosha.

Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943. Alisomea sheria. Hakuwa mtawa wala daktari. Alikuja Kenya mwaka 1969, akawa mwalimu, na kazi ikamfikisha Wajir. Huko akakutana na watoto waliopoozwa na polio, vipofu, viziwi, wengine hawana pa kwenda. Yeye na wenzake wachache, wote wanawake, wakafungua kituo cha kuwahudumia na kuwanyoosha viungo, wakaishi nao kama jamaa. Baadaye alikwenda kusomea udhibiti wa kifua kikuu na tiba ya magonjwa ya nchi za joto, kwa kuwa aliona mapenzi bila ujuzi hayatoshi.

Jambo lililomfanya ajulikane duniani lilianzia kwenye uwanja wa kituo hicho cha walemavu. Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu kwa wafugaji wa kuhamahama. Dawa za wakati ule zilitaka mwaka mmoja na nusu, na mfugaji hana mwaka na nusu wa kukaa mahali pamoja: wingu likionekana upande wa Buna, amefunga mizigo juu ya ngamia. Akaamua wagonjwa waje na mikeka yao, wajenge vibanda vyao wenyewe pale mbele ya kituo, wakae miezi sita ya tiba mpya iliyo fupi, na kila siku wameze dawa mbele ya mtu anayewatazama. Pakaitwa TB Manyatta. Utaratibu wa kumeza dawa mbele ya shahidi, alioutumia kwenye mchanga wa Wajir, ndio uliokuja kuenea duniani kote.

Tazama alichofanya. Hakuwaambia wafugaji wafuate ratiba ya hospitali. Alihamisha hospitali ikaingia ndani ya maisha yao, na hilo haliwezekani kwa mtu mwenye tiketi ya kurudi mfukoni.

Februari 1984, baada ya wanajeshi kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na kuwaua, Annalena alikuwa miongoni mwa waliotoka kutafuta majeruhi na kuzika maiti waliotupwa porini. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilimfukuza. Akavuka Somalia, na hatimaye Borama akajenga tena: hospitali ya kifua kikuu, shule ya watoto viziwi. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi ndani ya eneo la hospitali yake.

Alikuwa Mkristo wa kweli kweli, naye hakulificha hilo. Alijifunza Kisomali, akajifunika kichwa kama wanawake wa mji, akawaacha watu na dini yao. Mimi naona hapo ndipo misafara mingi ya leo inapojikwaa. Mama Mwislamu akipelekewa chuma cha miguu pamoja na kitabu cha hadithi za Yesu, chuma atakichukua kwa woga, na jioni majirani watakuwa na maneno. Mtoto asije akawa chambo. Anayetaka kuhubiri ahubiri, Katiba inamruhusu, lakini asifanye hivyo juu ya meza ya kumnyooshea mtoto viungo.

Mzigo unamwangukia nani

Tumesema ya wageni, sasa ya nyumbani. Mtoto asiyetembea anafikisha miaka mitatu, sita, tisa, na uzito unaongezeka, na mgongo unaombeba ni ule ule. Mama anapokwenda kisimani au kufuata mifugo, lazima abaki mtu. Atabaki nani? Dada yake wa miaka kumi. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto mmoja mlemavu asiye na tiba hupoteza watoto wawili: wa kwanza amekosa kutembea, wa pili amekosa shule. Ukame ukija na familia ikalazimika kuhama usiku, huyo wa kubebwa ndiye anayeamua kasi ya wote. Hesabu hii haimo katika ripoti ya wizara yoyote.

Serikali hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa walio na ulemavu mkubwa kupitia mpango wa Inua Jamii. Ni kitu. Lakini ili uingie kwenye orodha lazima upimwe, uandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kupimwa ni safari, na safari ni pesa ambayo ulikuwa unaitafuta huko unakokwenda. Afya iligatuliwa mwaka 2013. Visingizio vya Nairobi kuwa mbali vilikwisha mwaka huo, maana kitita cha afya kinatoka Wajir mjini.

Na sisi Waislamu tusijifiche nyuma ya serikali. Tunaisoma Sura ya 80, Abasa, na tunajua ilishuka kwa sababu ya kipofu mmoja, Abdullah ibn Umm Maktum, aliyekuja kwa Mtume akiwa na haja wakati wakubwa wa Makka wamekaa naye. Kipofu huyo baadaye akawa mwadhini, na Mtume aliposafiri alimwachia Madina aiangalie. Zaka hutolewa kila mwaka Wajir, kwa ngamia na kwa shilingi. Ni msikiti upi umewahi kutenga fungu la kumsomesha binti mmoja wa Bute tiba ya viungo? Tunalalamika makanisa yanakuja kuwachukua watoto wetu kwa viti vya magurudumu, na viti hatununui.

Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, huchukua miaka mitatu kumtoa mtaalamu wa tiba ya viungo au tiba kazi mwenye diploma. Basari za kaunti na za eneobunge zipo, na kila mwaka hugawanywa vipande vya shilingi elfu tano tano vinavyomridhisha kila mtu bila kumfikisha yeyote. Teua vijana sita wa Wajir Kaskazini, wasichana wasiopungua nusu maana akina mama hawatamkabidhi mwanamume kila kitu, walipie karo yote, na waandikie mkataba wa kurudi kufanya kazi Bute. Wakati wanasoma, wapo wahudumu wa afya ya jamii waliosajiliwa nchini kote mwaka 2023, zaidi ya laki moja, ambao huingia nyumba kwa nyumba wakiwa na simu na begi. Wafundishwe kumtambua mtoto wa miezi sita asiyeshika shingo na kumfundisha mama njia ya kumkalisha. David Werner alithibitisha katika vijiji vya Mexico kuwa wanakijiji wanaweza kuifanya kazi hii, akaandika kitabu kizima juu yake mwaka 1987. Hatuna haja ya kugundua moto.

Makanisa yanayotuma wanafunzi nayo yana nafasi kubwa, yakitaka. Nauli ya kundi moja kutoka Marekani ingewasomesha vijana kadhaa KMTC hadi wamalize. Badala ya wanafunzi kumi na watano wa wiki mbili, tuma mwalimu mmoja mzoefu wa mwaka mzima, akae Nairobi au Kijabe ambako bima yake inamruhusu, awafundishe Wakenya watakaokwenda asikoweza kwenda. Na wanafunzi wakija, waje kujifunza chini ya wataalamu wetu, si kupiga picha na watoto wa watu kwa ajili ya ukurasa wa chuo.

Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafikishwe katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na umma usikilizwe kabla ya kupitishwa. Kikao huitishwa, watu wachache huja, soda hunywewa, karatasi husainiwa. Mwaka ujao kiitishwe Bute, na wazazi wenye watoto walemavu waende nao, wabebwe wanaobebwa, wakae mstari wa mbele. Wamuulize mwakilishi wadi na waziri wa afya wa kaunti: kuna nafasi ngapi za wataalamu wa tiba ya viungo katika bajeti hii, nani anasomeshwa azijaze, na nyumba atakayolala iko wapi? Wasiondoke mpaka jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.